Mjomba Aliyeingia Redioni Bila Salamu

Tembe la Kigogo halikujengwa kwa ajili ya mtu anayewaza huku akitembea. Paa lake la udongo liko chini, nguzo zake zimekaribiana, na mwanga unaoingia mlangoni huishia hapohapo karibu na kizingiti, kana kwamba nao umeambiwa usubiri. Katika nyumba ya namna hiyo, nyumba ya mjomba wangu kule Nzuguni, niliwahi kukaa nikiwa mgeni ambaye hakuna aliyemzuia kuondoka. Nachagua maneno hayo kwa makusudi. Kila ninaposimulia jambo hili kwa watu wasiokulia kwetu huniuliza kama mlango ulifungwa. Haukufungwa. Ulikuwa wa fito, na ndama aliweza kuusukuma kwa pua.

Nzuguni wakati huo haikuwa sehemu ya mji. Kilikuwa kijiji cha wafugaji na wakulima wa uwele, na Waingereza walikitawala kutoka bomani Dodoma, mahali ambapo mtu aliweza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi siku hiyohiyo. Reli ilipita jirani. Ukikaa uani ulisikia gari la moshi likipiga honi kabla ya kuingia stesheni, na ukiwa mtu wa kufikiri kama mimi, ulianza kupima upepo unatoka wapi na gari limechelewa kiasi gani.

Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza nikiwa na shahada ya pili iliyofika nusu. Katikati ya masomo mikono yangu ilianza kutetemeka kila nilipokaa mezani. Niliandika sentensi, nikaifuta, kisha nikaandika pembeni sababu za kuifuta, kisha nikatilia shaka sababu. Daktari wa chuo alinishauri nirudi kwetu nipate jua. Chuo kilikubali, kwa sharti ambalo hakikulipamba: nisipofika siku ya kufunguliwa muhula mpya, nafasi na ufadhili wangu angepewa mwingine. Meli ilikwisha kupangwa, na gari la moshi la kuiwahi Dar es Salaam lilijulikana. Nililokuwa nalo mkononi lilikuwa hilo tu, na nililishika kama kipofu anavyoshika fimbo.

Ili nisikae bure, nilipata kibarua cha ukalimani katika kituo cha redio cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado kichanga. Wanaoandika historia yake huanza na minara na mitambo. Mimi nakumbuka mablanketi. Yalitundikwa ukutani ili sauti isirudi, na kwa kuwa feni ilizimwa kila kipaza sauti kilipofunguliwa, watangazaji walisoma habari za ufalme wakiwa na fulana tu, jasho likiwadondoka kwenye karatasi. Kunguru wa paani walisikika hadi Mwanza. Kulikuwa na kijana aliyesimulia hadithi za watoto kwa sauti ya bibi kizee, na wasikilizaji walimletea ugoro. Mkuu wetu Mwingereza alitembea na saa mkononi, na imani yake yote ilikuwa kwamba kila mzungumzaji apewe dakika tano na asizidishe hata pumzi moja.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa mtangazaji mmoja kutoka pwani ambaye sauti yake ilikuwa pana na tulivu. Watu wa bara walimwazia kuwa jitu. Kwa kweli alikuwa mwembamba, mwenye pumu, na alicheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuja nami Ugogo na gari la kurekodi, kutafuta wakulima wa kuzungumza katika kipindi chake cha jioni, na mimi ndiye niliyempeleka kwa mjomba.

Mjomba alifaa kwa sababu nyingi, na alizijua zote. Yeye peke yake kijijini ndiye aliyekuwa na redio, aliyoipata kwa kumtoa fahali, ikiwa na betri nzito kama tofali na waya mrefu uliopanda juu ya mti mkavu. Kila jioni uani kwake palijaa watu. Alikuwa pia msemaji wa posa: ukoo ulipokwenda kuomba mke, yeye ndiye aliyetangulia, kwa sababu alijua kusalimu. Kwetu salamu haitamkwi tu ikapita. Unaanza na "mbukwa," unaulizia walioko na walioko machungani, wagonjwa, wazazi, ng'ombe, mvua, unanyamaza uitikiwe, unaendelea. Asiyesalimu hajafika, hata kama amekwisha kuketi.

Gari lilipoingia, mke wa mjomba alimtazama mtangazaji kuanzia viatu hadi kofia.

"Huyu ndiye?" akaniuliza. "Sauti yote ile anaihifadhi wapi?"

"Naiacha Dar es Salaam, mama," mtangazaji akajibu. "Njiani kuna wezi."

Mjomba alivaa koti lake la baraza. Alikaa mbele ya kipaza sauti akakisalimu kwa Kigogo, kwa kirefu, bila kuruka mtu: wazee wa kwao, majirani, wachungaji, waliokuwa na njaa mwaka ule na waliokuwa na akiba. Baada ya kila fungu alinyamaza, akisubiri itikio la watu ambao hawakuwapo bado. Kanda ilizunguka. Mtangazaji, ambaye hakujua Kigogo, alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha mjomba akaingia kwenye Kiswahili na kueleza vizuri jinsi ya kuhifadhi uwele kwa majivu katika kihenge usiliwe na wadudu. Walipoondoka, mimi nilibaki. Nilitaka kusikiliza kipindi pamoja naye, kuaga, na kuwahi gari langu la moshi, na muda ulinitosha kabisa.

Jioni ya kipindi, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Wengine walipanda juu ya paa la tembe. Mtangazaji alifungua kwa ile sauti yake, akawasalimu wasikilizaji wa Tanganyika nzima, akamtaja mzee wa Nzuguni. Mjomba akajiweka sawa kwenye kigoda. Ndipo sauti yake mwenyewe ikatoka redioni, wazi, bila utangulizi wowote:

"Uwele ukivunwa na umande utaoza."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Nilimwona mjomba akiinamia redio, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kukohoa ili aseme la maana. Aliendelea kuisubiri salamu yake wakati sauti yake imekwisha kufika kwenye majivu na kihenge. Nilielewa mara moja kilichotokea, na kuelewa hakukunisaidia. Pale kituoni palikuwa na wembe, gundi, na kikapu. Kanda ilikatwa hadi kwenye neno la kwanza lenye faida, na vipande vikatupwa kikapuni. Hawakuwa wamemdharau mtu. Mtangazaji alikwisha kuwasalimu wasikilizaji, na kwa desturi ya kazi yao mmoja husalimu kwa niaba ya wote.

Kipindi kilipoisha, mtani wa mjomba, mfugaji mmoja mrefu mwenye ng'ombe wengi na huruma kidogo, alisimama akajipangusa vumbi.

"Ndugu zangu, mmemwona fisi?" akasema. "Kaingia mpaka kwenye kihenge, hodi hakupiga."

Hapo walicheka mpaka waliokuwa paani wakaangusha udongo. Mjomba alicheka pia, kwa kuwa utani hauna rufaa. Nilimtazama mkono uliokuwa juu ya redio; ulikuwa umekamata kile kitufe cha kupandishia sauti na haukukiachia.

Kuanzia kesho yake walimfanyia jambo ambalo sikuwahi kuliona. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumsalimu. Mwanamke alimkuta njiani akaanza moja kwa moja, "Mbuzi wangu amezaa pacha." Mzee wa kuheshimika aliingia uani akasema, "Shoka lako naliazima," akaondoka nalo. Watoto walijifunza haraka: walimpita mbio wakipiga kelele kwamba uwele ukivunwa na umande utaoza. Kisha ukoo wetu ukaenda kuomba mke kijiji cha pili, na asubuhi hiyo mjomba alivaa koti lake la baraza akakaa mlangoni. Jua lilipanda. Hakuna aliyempitia. Mkewe akalichukua lile koti, akalikung'uta ingawa halikuwa na vumbi, akalirudisha ndani.

Siku iliyofuata niliamka nikaenda kumuaga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Nilimwambia kwamba siku zangu zimekwisha, kwamba gari la moshi la safari yangu linakaribia, kwamba meli haingoji mtu, na kwamba meli ikiondoka na masomo yangu yameondoka nayo. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Mpwa wangu," akasema, "kuaga ni mkia wa salamu. Wageni wako walichukua salamu zangu wakaondoka nazo. Nitakuitikiaje mkia, na kichwa kiko Dar es Salaam? Zikirudi, utaniaga nami nitaitikia."

Akamwambia mkewe aniletee uji.

Naweza kueleza kwa nini sikutoka tu, lakini maelezo yenyewe ni marefu na kila mara nayaona mapungufu yake. Kwetu kaka wa mama ndiye mwenye radhi. Mtu aliyeondoka nyumbani kwa mjomba bila kuitikiwa ameondoka kama mwizi, na safari yake ni ya mwizi. Mama yangu asingenipokea tena, na baba, aliyekuwa mtu wa reli asiyeamini mambo mengi, aliliamini hilo. Nilijiambia kwamba mimi ni msomi na desturi ni jambo la kuchunguzwa. Kisha nikajiambia kwamba msomi anayevunja asichokielewa ni mjinga aliyevaa viatu. Kisha nikajiuliza kama hoja hii ya pili sikuibuni ili nisirudi Uingereza, kwenye ile meza na ile mikono. Nililala chini ya paa lile nikizungusha mambo hayo matatu, na ndama waliolala upande wa pili wa ukuta walipumua kwa utulivu ambao niliuonea wivu.

Nilimwomba ruhusa kila asubuhi. Kila asubuhi aliniuliza kama salamu zimerudi.

Kulikuwa na mfanyabiashara Mhindi kutoka mjini aliyekuja na lori kununua ngozi na kuuza betri, mtu mchangamfu aliyezungumza Kigogo kuliko mimi. Nilimweleza shida yangu nikimwomba anipelekee simu ya maandishi kwa mtangazaji. Alikuna kidevu akaniambia kwamba amewahi kuona watu wakifungwa kwa deni, kwa kodi na kwa mke wa mtu, ila kwa "hujambo" ndiyo mara ya kwanza. Hata hivyo aliipeleka.

Nilikuwa nimeomba kanda irudiwe ikiwa nzima. Nilijua pia kwamba haiwezekani: vipande vya kikapuni vilichomwa kila jioni pamoja na takataka. Lakini mtangazaji alikuwa mtu mwema, na wema wake ulitufikia kwa njia aliyoijua. Jioni moja kipindi kilianza, na kabla ya jambo jingine lolote akasema:

"Mzee wetu wa Nzuguni, salamu zako zilikatwa kwa mkono wangu, si kwa dharau. Nakuomba radhi mbele ya Tanganyika nzima. Na sasa, kwa niaba yako, nawasalimu watu wote wa Nzuguni."

Watu uani walishusha pumzi. Nadhani hata mimi nilitabasamu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kukunja shuka langu akilini. Mjomba aliinuka, akazima redio.

"Amerudia," akasema.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mtu yule alikuwa ameomba radhi kwa kosa lake na hapohapo akalitenda tena, kwa sauti nzuri zaidi. Nani alimtuma? Salamu ya mtu haibebwi na mwingine kama mtungi. Niliwaza kwamba kituo kizima, pamoja na mitambo yake, kilisimama juu ya jambo hilo moja tu, mtu mmoja kusema kwa niaba ya wengi, na kwamba mjomba wangu, aliyemtoa fahali wake ili akisikilize, ndiye aliyeona kinachopungua. Lakini nisimfanye kuwa zaidi ya alivyokuwa. Alikuwa mzee mwenye majivuno aliyetaka kurudishiwa kiti chake cha mbele katika posa, na kwa ajili ya kiti hicho alikuwa tayari kunikalisha hapo mpaka mvua nyingine.

Asubuhi yake alitoka na koti la baraza.

"Tutazipeleka wenyewe," akasema. "Kila nyumba iliyosikia. Nawe utakuja, kwa kuwa wewe ni mtu wa redio, uone zimefika. Tukimaliza, utaniaga."

Nilipiga hesabu haraka, nikaona kwamba inawezekana, kwa shida. Kosa langu lilikuwa kuhesabu nyumba badala ya kuhesabu salamu. Katika kila tembe tuliketi. Mjomba alianza mwanzo, akaenda kwa mpangilio uleule aliouweka mbele ya kipaza sauti, na safari hii alipata kuitikiwa. Wenye nyumba hawakuwa na haraka. Walileta maji, kisha ugali na mlenda, na kukataa kula ni kusema kwamba salamu ilikuwa ya uongo. Wengine walimwonea haya, wakainamisha macho. Bibi mmoja alimwambia kwamba tangu jioni ile alikuwa akimjibu peke yake jikoni, ili salamu yake isikae bila jibu. Kadiri tulivyotembea mjomba alinyooka mgongo. Mimi nilitembea nyuma yake nikihesabu siku zilizobaki, na kila tulipotoka mlangoni nilikuwa nimepungukiwa.

Siku ya gari la moshi ilitukuta tumebakiza nyumba moja tu, na ilikuwa ya mtani.

Nilikuwa nimefunga mzigo wangu, nikauacha kwa mke wa mjomba, tayari. Kutoka kwa mtani hadi stesheni, mtu akienda mbio, angeweza kufika. Tuliingia asubuhi na mapema. Mtani alitupokea vizuri kupita kiasi, akatukalisha juu ya ngozi, na mjomba akaanza. Mtani aliitikia. Halafu, ilipofika zamu yake, akaanza kuulizia ng'ombe.

Hakuulizia ng'ombe kwa jumla. Alimwulizia mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe. Yule mwekundu mwenye doa? Yule aliyevunjika pembe mwaka wa nzige, hajambo? Na mama yake? Ulikuwa utani, na macho yake yalicheka, lakini hakukosea hata ng'ombe mmoja, na mjomba alijibu kwa furaha ya mtu ambaye amenyimwa chakula akaletewa karamu. Walikuwa wazee wawili waliokuwa wakisuluhishana mbele yangu. Hata aliyekuja na roho ngumu asingeweza kuwaharakisha.

Honi ya kwanza ilisikika ng'ambo ya mashamba. Gari lilikuwa linatoka magharibi kuingia Dodoma; lingekaa stesheni kwa muda mrefu, lichukue maji na watu, kisha litupite likielekea pwani. Niliangalia mlango. Ulikuwa wazi. Miguu yangu ilijikusanya, na mikono yangu, iliyokuwa imetulia tangu nifike Nzuguni, ilianza kutetemeka juu ya magoti. Nilijiambia: inuka. Sema samahani. Hawatakuua.

Mtani alinigeukia.

"Na wewe, mpwa wetu," akasema, "huko Ulaya unakoishi, wenyeji wako wazima?"

Aliuliza kwa dhati. Utani ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa ananisalimu, na mjomba alinyamaza ili niitikie. Kama ningeinuka wakati ule, ningekuwa nimefanya kwa miguu kile kilichofanywa kwa wembe.

"Wazima," nikasema.

"Na baridi yao?"

"Ipo. Haijawashinda."

"Na ng'ombe wao?"

Nikamwambia kwamba ng'ombe wao ni wanene, hulala ndani wakati wa theluji na hawajui kuchungwa mbali. Akaniuliza hulishwa nini. Nikamweleza. Akaniuliza kama kwenye nyumba niliyokaa kulikuwa na mtu wa kunisalimu asubuhi. Nikasema hapakuwa na mtu. Akatikisa kichwa, akasema pole, na mjomba naye akasema pole. Gari la moshi likapita karibu na mashamba ya uwele likielekea Dar es Salaam, kubwa, lisilo na haraka, na ilitubidi kungoja kelele zipungue ndipo tuendelee na wagonjwa na mvua.

Wakati wa kurudi nilimwambia mjomba kwamba limekwenda.

"Gari litarudi," akasema. "Halina kwao kwingine."

"Meli haitarudi, mjomba."

Aliendelea kutembea mbele yangu. Sijui alichokiwaza, ni katika mambo machache ambayo sijajaribu kuyakisia. Tulipofika uani alimwambia mkewe akamate mbuzi.

Kesho yake nilimuaga, naye akaniitikia. Aliitikia kikamilifu, hatua kwa hatua, mbele ya nyumba zote tulizozipitia, kwa sababu watu wote walikuja. Mtani aliniletea maziwa. Mke wa mjomba alinifungia karanga na unga, akanipa jogoo hai, miguu imefungwa kwa kamba ya ukili, wa kula njiani. Walinisindikiza hadi mwisho wa mashamba, wakasimama mpaka nikawa mbali. Sijawahi kupewa ruhusa iliyo kamili kama ile.

Nilikwenda mpaka njia inapopanda kidogo na mji unapoanza kuonekana. Hapo nikasimama. Mjini hapakuwa na gari la kunifaa, Dar es Salaam hapakuwa na meli, ng'ambo hapakuwa tena na meza yangu, na Nzuguni nilikwisha kuaga. Jogoo alijipapatua mkononi. Nilimhamishia mkono wa pili.

Mchungaji alikuwa akivuka njia na ng'ombe wake. Akasimama, akaegemea fimbo, tukasalimiana ipasavyo. Kisha akaniuliza, kama anavyoulizwa kila msafiri, ninatoka wapi na ninakwenda wapi. La kwanza nililijibu vizuri, kwa urefu. La pili alilisubiri kwa adabu, akinitazama, hata ng'ombe wake walipoanza kuingia katika mashamba ya watu.